Donge la Kwanza Hutiwa Motoni

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, simu ililia nikiwa nimefungua mizani ya muuza nyama na kutandaza vyuma vyake juu ya gazeti. Ndiyo kazi yangu hapa mjini Kakamega, kurekebisha mizani. Zamani nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, miaka kumi na saba, mpaka kiwanda kiliposimama. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika. Mambo mengi nayaandika.

Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyosomea kule Lugari. Alisema kuna barua imefika shuleni kutoka ng'ambo, ya mwanamke asiyemjua, na ndani yake mna picha ya bahasha kuukuu yenye mwandiko wa mtoto. Alitaka kujua kama mwandiko ule ni wangu. Akanitumia picha. Ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka kumi nilipomwandikia mama barua hiyo, maana yeye hakwenda shule, na anwani tuliyoweka nyuma ya bahasha ilikuwa sanduku la posta la shule.

Barua ile ilikwenda kwa Kukhu. Kwa lugha yetu kukhu ni nyanya, ila huyu hakuwa wa damu yetu. Alikuwa Myahudi kutoka mji mdogo wa Polandi, aliyefika Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili akaolewa na mzungu mwenye shamba la mahindi. Wazungu wengine walipouza mashamba yao na kuondoka, yeye alikuwa mjane tayari, akabakiwa na ekari chache, nyumba ya mabati mekundu, na mama yangu jikoni. Wafanyakazi walimwita memsabu. Mama alianza na hilo akaishia Kukhu, na sisi watoto tukamfuata. Nilipokuwa na miaka tisa mwanawe alikuja kumchukua, na hatukumwona tena.

Mwandishi wa barua ya ng'ambo alikuwa mjukuu wake. Nilimpigia jioni ile ile, tukaongea kwa Kiingereza. Alisema familia yao inajua kwamba nyanya aliokoka mauaji ya Wayahudi, lakini jinsi alivyookoka hakuna anayejua. Watoto wake walipomwuliza aliinuka akatoka chumbani. Siku za mwisho, hospitalini, alimwambia mjukuu huyu kwamba kisa chote alimsimulia mtu mmoja tu maishani, jikoni, kwa Kiswahili. Halafu akafa. Katika vitu vyake walikuta bahasha yangu.

Walikuta na picha. Wasichana wawili wamesimama mbele ya ua wa mbao, mkubwa akiwa ameshika bega la mdogo. Mkubwa ni Kukhu. Mdogo ni dada yake, na hakuna mtu aliyebaki hai anayejua jina lake. Mjukuu alikuwa ametafuta kwenye orodha za waliouawa. Mtoto hayumo, kwa kuwa aliyeweza kumwandikisha alikuwa Kukhu peke yake, naye hakumwandikisha.

"Mwombe mama yako aniambie chochote anachokumbuka," alisema. "Na kama anakumbuka jina, aanze na jina."

Nilimwambia nitafanya hivyo. Sikumwambia kwamba Jumapili iliyotangulia mama alikuwa ameniuliza kwa upole mkubwa, kama mtu anayemwuliza mgeni, mimi ni mtoto wa nani.

Mama anaishi kwangu miaka miwili sasa, tangu alipoanguka akiwa peke yake kisimani kule Lugari. Daktari alisema ya zamani yatakaa kuliko ya jana, ila nayo yataondoka, na hakuna anayeweza kusema lini. Kwa hiyo nilianza mara moja, na nilianza kama ninavyofanya kazi zangu zote. Niliacha shule kidato cha pili. Nilichojua baadaye nilikipata vitabuni, nikiwa peke yangu, kwa mpango. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili. Niliandika maswali arobaini na mawili kwa mfuatano. Nilimketisha mama kwenye kiti chenye mito, nikaweka simu mezani irekodi.

Mama aliposikia anarekodiwa alivaa kitambaa chake cha kanisani. Akakaa wima.

Swali la kwanza lilihusu mji aliozaliwa Kukhu. Alisema ulikuwa mji mzuri. Swali la pili lilihusu wazazi wake. Alisema walikuwa watu wazuri. Nilipofika swali la tisa alikuwa ananiangalia kwa huruma, na mikono yake ilikuwa imeanza kukunja na kukunjua ncha ya leso. Hiyo ilikuwa Jumatano; Alhamisi tulirudia. Nina rekodi za saa mbili na nusu ambazo ndani yake kila mtu ni mzuri na hakuna lililotokea.

Ijumaa nilifika nyumbani mapema. Mke wangu alikuwa anakanda unga wa chapati, mama amekaa kwenye kigoda karibu naye. Nikiwa mlangoni nilimsikia mama akiuliza, "Umetia hamira?"

"Chapati haitiwi hamira, mama."

"Basi hiyo si ya Ijumaa," mama akasema, na akageuza uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Hapo nilikumbuka. Kila Ijumaa mama alikuwa akirudi kutoka kwa Kukhu na kipande cha mkate wa kusuka, wa Sabato ya Wayahudi, unaong'aa kwa yai juu. Hata Kukhu alipoondoka, mama aliendelea kuusuka huo mkate nyumbani kwetu kila alipopata unga wa ngano. Na kila alipouanza alitufukuza jikoni, akatutuma kuni, maji, kwa jirani, popote. Tulidhani hataki tudokoe.

Nilikwenda dukani nikarudi na hamira, mayai na unga. Mke wangu aliviweka mbele ya mama. Niliweka simu juu ya kabati, mahali asipoiona.

Alichunga unga kwanza. Akichunga, akaanza kusema, na si kwa sauti yake ya kiti chenye mito. Ilikuwa sauti ya mtu anayepiga hadithi na mwenzake kazini. Alisema baba wa Kukhu na mdogo wake alitangulia kuchukuliwa, alikwenda kuitika jina lake uwanjani na hakurudi. Alisema mama yao aliwavalisha nguo mbili mbili, akawatoa mjini kwa miguu, akabeba cherehani mgongoni kama mtoto. Wakafika kwa mwanamke mmoja mwenye ng'ombe, aliyekuwa akishonewa nguo na mama yao. Cherehani ikawa malipo. Chini ya zizi palikuwa na shimo la kuwekea viazi. Wakaingia humo watatu, mama na wasichana wawili, mkubwa miaka kumi na minne, mdogo sita.

Alipoanza kukanda, tulikuwa ndani ya shimo. Alikanda kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Alisema juu ya ubao wa shimo alisimama ng'ombe, na joto la ng'ombe lilishuka, ndilo lililowaweka hai, na mkojo wake pia ulishuka. Alisema mtoto mdogo alifundishwa kukohoa ndani ya nguo ya mama yake. Walicheza mchezo wa kuhesabu vidole vya kila mmoja gizani, ili kuhakikisha wote wapo.

Mke wangu aliuliza, kwa nini Kukhu hakuwasimulia watoto wake mwenyewe.

"Alisema lugha zake zile zingine ziko na watu ndani," mama akajibu. "Hii yetu haikuwa na mtu. Alikuwa anawezanga kupita."

Kisha akafunika unga kwa kitambaa, akanawa, akakaa.

"Halafu?" nikauliza.

"Hapa hatusemangi kitu," mama akasema. "Hapa tunangojanga."

Tukangoja saa nzima, watu wazima watatu, tukiangalia bakuli. Unga ulipoumuka aliukata donge dogo, kama goroli, akalishika kwa vidole viwili na kusimama. Alitazama jiko letu la gesi. Alitazama chini yake, na nyuma yake. Alisogea mpaka mlango wa nyuma akachungulia nje. Mwishowe aliliweka donge dirishani, akasema amechoka, akaenda kulala. Mkate ulisukwa na mke wangu, vibaya.

Sikulitilia donge maanani. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Wiki nzima nilisoma kila nilichoweza kupata juu ya sehemu zile na miaka ile, nikachora jedwali: majira upande mmoja, matukio upande mwingine. Ijumaa ya pili nilikuwa na daftari waziwazi gotini.

Mama alianza vizuri. Alipofika shimoni alisema walikaa humo baridi mbili. Nikatazama jedwali langu.

"Haziwezi kuwa mbili, mama," nikasema. "Kwa jinsi vitabu vinavyosema, majeshi yaliyowafukuza Wajerumani yalifika kule baada ya baridi ya tatu. Tuandike tatu."

Mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Tatu?"

"Tatu."

Aliwaza. Niliona akirudi nyuma kutafuta, na niliona alivyokosa pa kushika. Alijipangusa mikono kidole kimoja kimoja.

"Basi endelea wewe, baba," akasema. "Si ndiwe ulikuwa shimoni."

Mke wangu alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mama akainuka kufunika bakuli. Mama hakumaliza kukanda siku hiyo. Ijumaa iliyofuata tulipomwekea unga aliusukuma pembeni akasema yeye hajui kupika vitu vya wazungu. Ijumaa ya nne vivyo hivyo. Mjukuu alikuwa akinipigia kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilimwambia bado kidogo. Nilimpelekea sehemu ya kwanza, nimeitafsiri. Alilia kwa ajili ya vile vidole vya gizani, kisha akauliza tena jina.

Miaka kumi na saba nimekaa kwenye mizani ya miwa. Lori linapanda limejaa, unaandika. Linashuka tupu, unaandika. Dereva anaweza kukuapia kwa mama yake kwamba mzigo ni zaidi, mwenye shamba anaweza kukulilia, msimamizi anaweza kukukonyeza. Karani anaandika kilichoonyeshwa na mizani, basi. Niliwahi kumripoti mwenzangu kwa kuongeza tani moja tu kutoka kichwani mwake. Nami nikamwongezea mama baridi nzima. Tena ile tatu ilikuwa ya kwangu mwenyewe, kutoka kitabu kilichozungumzia mji mwingine kabisa. Baadaye mjukuu aliniambia kwamba sehemu za kwao zilikombolewa mapema zaidi. Zilikuwa mbili.

Nilimwomba mama msamaha. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, mtu mwenye mvi, nikamwambia nilikosea.

"Ulikosea nini?" akauliza. Alikuwa amesahau. Ugomvi ulikuwa umeondoka wote. Aibu yake ndiyo iliyobaki, asijue imetoka wapi.

Aliyetufungua njia ni mke wangu. Alikuwa anafuta vumbi dirishani akakuta lile donge, limekauka kama kokoto. Alinionyesha kiganjani.

"Siku ile mama alikuwa anatafuta mahali pa kulitia," akasema. "Alitazama chini ya gesi. Alitafuta moto wa kuni."

Nikakumbuka jiko la chuma la Kukhu, mlango wake mdogo, na jinsi mama nyumbani kwetu, nilipomchungulia mlangoni, alivyokuwa akiinama kwenye mafiga kabla ya kusuka mkate. Kama donge la kwanza lilipaswa kutiwa motoni, kwa desturi ya Wayahudi, basi kilichofuata kilikuwa upande wa pili wa moto. Tulikuwa tumemleta mama kwenye mto usio na daraja tukamlaumu kwa kutovuka.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa Lugari kabla ya saa tatu. Nyumba ya mama inakaliwa sasa na kitinda mimba wetu, dada yangu, aliyerudi nyumbani mumewe alipofariki na sasa analima mahindi kwenye kipande chetu. Lazima niseme jambo moja kumhusu. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na wazee ndio wanaosema ni nani anayetaka kurudi. Dada yangu alipozaliwa, mama alitaja jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mama mzazi wa baba alikasirika, akauliza huyo ni maiti wa nani. Mama alijibu kwamba ni wetu, na hakueleza zaidi. Mchungaji alidhani limetoka mahali fulani katika Agano la Kale, akabatiza. Tumelizoea. Tumeliita uani, sokoni, kaburini siku ya kumzika baba. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni la watu wawili na hawajaniruhusu.

Jikoni mwa Lugari mama aliingia bila kuonyeshwa njia. Dada yangu alikuwa amekoka moto. Mama alikaa, akaomba ungo, akaanza. Daftari nililiacha garini, na simu aliishika mke wangu ndani ya shuka. Baba aliitika jina lake uwanjani. Cherehani ilibebwa mgongoni. Zilikuwa baridi mbili. Nilijikuta nikitikisa kichwa kukubali. Ng'ombe, kikohozi, vidole. Tukangoja unga, na hakuna aliyesema kitu.

Kisha alikata donge. Alijikongoja mpaka kwenye mafiga akainama.

"Baridi ya pili kikohozi kilikataa," alisema, akiutazama moto. "Asubuhi walihesabu vidole, vya mdogo vikawa baridi. Yule mwanamke mwenye ng'ombe alimzika chini ya mti wa matunda, hakuweka alama, angeuawa. Mama yao hakumaliza mwezi. Kukhu akabaki kuhesabu vyake mwenyewe. Akasema, mimi nikifa huyu mtoto hatakuwa amewahi kuzaliwa. Nikamwambia hapana."

Akatupa donge motoni, na akataja jina.

"Naam, mama?" dada yangu akaitika kutoka nje, alikokuwa akipasua kuni.

Mama hakugeuka. Akalitaja tena, taratibu, akiuambia moto. Dada yangu akaingia na shoka mkononi, akifikiri hajasikika.

"Nimeitika, mama. Niko hapa."

"Najua uko," mama akasema. "Kaa. Leta yai."

Wakasuka mkate pamoja. Hakuna aliyeniangalia, jambo lililonifaa. Yale yote yamo kwenye rekodi: mlio wa donge, jina, sauti ya dada yangu akiitika. Nilimpelekea mjukuu jioni ile bila kutafsiri sehemu ya mwisho, nikamwambia tu asikilize jina, na nikamweleza anayeitika ni nani. Hakupiga Jumamosi. Alipiga Jumapili, akaomba kuongea na dada yangu. Waliongea muda mrefu, mmoja kwa Kiingereza cha ng'ambo, mwingine kwa Kiingereza cha darasa la nane. Nilisikia dada yangu akitaja umri wake, na idadi ya watoto wake, na kama mvua imenyesha.

Mjukuu amemwandikisha mtoto yule kwenye orodha. Penye jina la shahidi ameandika la mama. Kwa watoto wetu nimeacha rekodi tatu na daftari, safari hii nimenakili kilichosemwa, na pembeni sikuandika kitu. Binti mkubwa wa dada yangu anajua kusuka mkate ule, na anajua pa kuinama.

Tulipokuwa tunaondoka Lugari siku ile, mama alimwambia dada yangu amtolee kopo lake chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na noti kumi za shilingi ishirini, zimefungwa kwa uzi. Alisema ni pesa ya unga aliyoachiwa na Kukhu siku ya kuondoka, ili Ijumaa isipite bila mkate. Nilimwuliza mbona hakuzitumia, miaka yote ile ambayo ngano ilikuwa taabu kupatikana.

"Zingeisha," akasema. "Unga nilikuwa nanunuanga wangu."

Jumatatu nilizipeleka benki. Msichana wa dirishani alizigeuza kwa heshima, akamwita mkubwa wake, naye akaniambia noti hizo zilikwisha kuondolewa muda mrefu, haziwezi kubadilishwa. Nikazifunga tena kwa uzi ule ule, nikazirudisha kwenye kopo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kama nilivyozoea kufunga siku kwenye mizani, nikaandika: hasara, shilingi mia mbili.